Mwaga Karai Kabla Hujakabidhi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Cheka, ukimaliza urudi tuongee.

Nawaandikia nyinyi ninaowaona kila asubuhi mkipita hapa Yamumbi na helmeti kichwani na viatu vya gambuti mkononi, mkienda saiti. Wengi wenu mmemaliza form four juzi, kama mimi wakati ule. Wengine ni wasichana, na hilo linanifurahisha, kwa sababu nilipoanza mimi, msichana kwenye saiti alikuwa wa kuleta chai ama wa kubeba maji. Nilikuwa fundi wa vigae, au tiles kama tunavyoziita wote tukiwa kazini, kwa miaka kumi na nne. Nimetandika vyoo, bedsita za chumba kimoja, maduka, na nyumba za Elgon View ambazo chumba cha kulaza gari kinaishinda nyumba niliyozaliwa. Magoti ndiyo yamestaafu. Mdomo bado uko, na leo nitautumia.

Tuanze na hayo magoti, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Kabla hujanunua mwiko, kabla hujanunua nyundo ya mpira, tafuta kitu cha kufunga magotini. Usingoje zile nzuri za dukani. Kata godoro kuukuu vipande viwili, vishone ndani ya mguu wa jeans iliyochakaa, funga na mpira wa baiskeli. Utaonekana kama punda aliyefungwa bendeji, na wenzako watakucheka. Mimi walinicheka nikavua. Sasa nikishuka ngazi natanguliza mguu mmoja, nangoja, naleta wa pili, kama bibi harusi anayeingia kanisani. Na wawili kati ya wale walionicheka siku hizi wanatembea na fimbo, kwa hivyo tumeshindwa wote.

Nilitoka Burnt Forest kuja kwa shangazi yangu hapa Yamumbi wakati hapa palikuwa mahindi, mbuzi, na ghorofa moja tu ambayo watu walikuwa wakielekezana nayo. "Ukifika kwa ghorofa, kata kushoto." Siku hizi ukimwambia mtu hivyo atakuuliza ghorofa gani. Nyumbani kwetu ni viazi na maziwa. Kitu pekee nilichojua kuhusu simiti ni kwamba baba alipojenga zizi, aliivuta sakafu na ufagio mgumu ikiwa bado mbichi, ikabaki na mistari mistari, ng'ombe wasiteleze wakati wa kukamuliwa. Ilikuwa mbaya kuangalia. Kumbukeni hiyo sakafu, nitairudia.

Shangazi alinipa thermos mbili na ndoo ya mandazi, nikawa nauza kwenye saiti. Siku moja nikaweka kifuniko cha thermos kwa ubavu kwenye sakafu ya jikoni iliyomalizwa asubuhi hiyo. Kifuniko kikabingirika polepole, kikapita mlango, kikaenda zake kwenye koridoo. Nikasema tu, bila kufikiri, "Hii sakafu inakimbia."

Kulikuwa na mzee mmoja hapo, Fundi Barasa, mtu wa upande wa Bungoma, mfupi, mwenye mikono kama ya mtu mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mafundi wa vigae hapo, na sakafu ile ilikuwa imewekwa na mmoja wa watu wake. Akakiangalia kifuniko, akaniangalia.

"Wewe mama chai, nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Kesho kuja na suruali."

Hiyo ndiyo intavyuu niliyofanyiwa.

Barasa hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosea, alikuja akachuchumaa karibu nawe, akatoa shilingi mfukoni, akaanza kugonga vigae vyako kimoja kimoja. Tak, tak, tak. Akifika kwenye kile ambacho hukukijaza gundi vizuri chini, sauti inabadilika, inakuwa kama unagonga debe tupu. Hapo anaiacha shilingi juu ya kigae na kuondoka bila kusema neno. Ukirudi kutoka lunch unakuta sakafu yako ina shilingi sita, saba, na saiti nzima imeziona. Jifunzeni kugonga. Pakeni gundi chini na nyuma ya kigae pia, msiwe wavivu, maana kile kisichoshika leo kitanyanyuka siku mwenye nyumba ataburuta friji.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa Elgon View. Nilipewa sebule peke yangu, nikaona nimefika. Nikaanza kutoka ukutani, nikafuata ukuta, nikapanga safu ya kwanza imelala sawa kabisa na ukuta. Nilipofika upande wa pili, vipande vya mwisho vilikuwa vinaanza na upana wa kiganja kwenye kona moja na kuisha na upana wa penseli kwenye kona nyingine. Ukuta ulikuwa umepinda. Barasa akaja akasimama mlangoni.

"Nani alikuambia ukuta uko sawa?"

"Nilidhani."

"Huu ukuta ulijengwa na mtu alikuwa na njaa anangoja saa saba. Uzi hauna njaa. Vuta uzi."

Niliing'oa sebule nzima, kigae kwa kigae, na yeye akaketi kwenye ndoo akila miwa akiniangalia. Tangu siku hiyo siingii chumba bila kuvuta uzi katikati, kona kwa kona. Nilipofunga ndoa, nilikuwa naangalia sakafu ya kanisa pasta akihubiri. Ilikuwa imepinda.

Lakini kitu cha Barasa ninachotaka mkitoe hapa mwende nacho ni karai. Mnajua karai, lile la chuma la kubebea zege. Lake lilikuwa limebonyea upande mmoja. Kabla hajakabidhi sakafu yoyote, alilijaza maji akayamwaga. Bafuni, alitaka maji yote yaishie kwenye tundu bila kusukumwa. Yakisimama pahali, tunarudia. Kwenye veranda, ngazi, mlango wa duka, pahali popote watu wanapita wakitoka nje, alitaka karai la pili, na hilo halikuwa la maji safi. Alichota udongo mwekundu wa barabarani, akakoroga na maji na sabuni kidogo, akamwaga. Halafu alivaa pati pati zilizoisha soli, akachukua kitu kizito mikono miwili, akapita juu. Mikono miwili, kwa sababu watu wa kweli hubeba vitu, hawatembei wakishika ukuta.

Nilimuuliza mara ya kwanza kwa nini anachafua kazi nzuri.

"Mwenye nyumba anaangalia hii sakafu ikiwa kavu," akasema. "Atakuja siku moja, aangalie, aende. Kuna mtu ataipita kila siku na mvua. Wewe unamtengenezea nani?"

Alipozeeka akarudi kwao. Karai akaniachia mimi.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo ningeweza kuiruka, na hamngejua. Nawaambia kwa sababu mkisikia tu ushindi wangu mtadhani nilizaliwa na akili.

Kazi yangu ya kwanza bila Barasa ilikuwa fleti ya ghorofa tatu, hapa hapa Yamumbi. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu aliyestaafu, mpole, na mpaka leo tunamwita Mwalimu. Tulimaliza vyumba, zikabaki paketi za vigae vyeupe vya sebuleni, vile laini vinavyong'aa mpaka unaona meno yako.

"Usizirudishe," Mwalimu akaniambia. "Weka kwa ngazi. Mtu akija kutafuta nyumba, kitu cha kwanza ataona ni ngazi inang'aa."

Ngazi yenyewe ilikuwa wazi upande mmoja, mvua ikipiga inaingia. Nilijua. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba nilijua. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Niliogopa ataita fundi mwingine, na ile ilikuwa kazi ya kwanza watu kusema "fundi wa hapa ni mwanamke." Nikaweka. Zilipendeza sana. Karai nililiosha nikalitundika, sikulimwaga.

Miaka ikapita, nikaolewa na dereva wa lori ambaye nusu ya mwezi yuko barabarani, nikapata mtoto wangu wa kwanza, Chebet. Tukatafuta nyumba, na nyumba iliyopatikana ilikuwa ghorofa ya pili kwa Mwalimu. Nilihamia juu ya kazi yangu mwenyewe.

Chebet alikuwa na miezi minane. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, watu wamepanda na kushuka na tope la Yamumbi kwenye viatu, na mnalijua hilo tope. Saa nne ilipokatika nilishuka na Chebet mgongoni na beseni la nguo mikononi, kwa sababu kamba za kuanikia ziko chini. Sijui kilikuwa kidato cha ngapi cha ngazi. Mguu ulienda mbele, mimi nikabaki nyuma. Nilijipinda hewani nisimwangukie, nikafaulu nusu. Mfupa wake wa bega, ule mwembamba wa kuelekea shingoni, ukavunjika.

Alipona. Mifupa ya watoto inapona haraka, daktari alituambia, na ni kweli. Lakini wiki tatu alikuwa amefungwa mkono kifuani na kitambaa, akinitazama kila nikimbeba karibu na ngazi. Mtoto wa miezi minane hajui ngazi iliwekwa na nani. Mimi nilijua.

Majirani walikuja na uji na maziwa. Mama Brian wa ghorofa ya tatu, mwanamke wa maneno machache na sauti kubwa, akaketi kitandani kwangu akasema, "Huyo aliweka hizi tiles, Mungu anamwona."

Nikasema, "Ndiyo. Anamwona."

Nilikaa na hilo siku nne. Ya tano nikapanda kwake na Chebet mkononi, nikagonga.

"Mama Brian, ni mimi."

"Naona ni wewe."

"Hapana. Hizo tiles. Mimi ndio niliziweka."

Aliniangalia. Akamwangalia Chebet na kile kitambaa chake. Nilingoja matusi, na ningeyakubali yote.

"Basi zitoe," akasema, akafunga mlango.

Kuzitoa zote wapangaji wakiwa ndani haingewezekana, wangepita wapi. Nilichofanya ni hiki, na mkikuta ngazi kama hiyo mfanye hivyo hivyo. Niliazima grainda, nikaweka jiwe jembamba la kukatia, nikakata kila kidato mifereji mitatu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, karibu na ukingo pale mguu unapokanyaga ukishuka. Kina kama unene wa kucha, usizidi, vinginevyo kigae kinapasuka. Funga kitambaa chenye maji puani, maana lile vumbi si la kuvuta. Na usianze na kidato cha juu kama nilivyofanya mimi, nikajikuta nimezungukwa na vumbi pande zote na mama mmoja juu anataka kushuka na jiko la mkaa.

Mwalimu alifika nikiwa katikati.

"Umeharibu ngazi yangu."

"Niliiharibu ile mara ya kwanza, Mwalimu. Leo naitengeneza."

Aliinama akapitisha kidole kwenye mfereji mmoja. Halafu akaniuliza kama nahitaji maji ya kunywa.

Tangu hapo nikawa mtu mwenye hasira. Watu wanasema hivyo kunihusu kama vile ni ugonjwa. Ningependa mjue hasira hiyo inatoka wapi. Yamumbi inajengwa kila siku, shamba likiuzwa Jumatatu, wiki ijayo kuna kokoto. Nami nimeingia kwenye hizo nyumba zikiwa bado tupu, nikaona mlango wa jikoni unaofunguka ukagonga pahali pa jiko. Nimeona kamba za nguo zimewekwa juu kwenye paa na hakuna ukuta wa kumzuia mtoto. Nimeona sinki ambayo mtu wa kimo changu anaoshea vyombo akisimama kwa vidole. Yote yamepimwa na mtu mwenye kalamu na kanda. Huyo mtu hajawahi kubeba mtoto, beseni na funguo kwa wakati mmoja, na anakasirika ukimwambia.

Basi yakaja maduka.

Mnayajua, yale mapya mkabala na barabara, yenye supamaketi chini na kliniki ya watoto mlango wa pili. Mwenyewe ni Mzee Kiprono, na hapo palikuwa shamba la mahindi la mama yake. Mimi nilipewa vyoo na koridoo za ndani. Msimamizi wa saiti, nyapara wetu, alikuwa Omondi, kijana safi, mchapakazi, mwenye ulimi. Nilimpenda Omondi. Bado nampenda, ingawa atasoma haya.

Mbele ya jengo kuna mteremko mrefu wa toroli na viti vya magurudumu, unaanzia mlangoni hadi kwenye maegesho, na hauna paa. Kila mama wa Yamumbi anayepeleka mtoto chanjo lazima aupite. Jumatano nikaona paketi zimepangwa pale. Nikafungua moja. Vyeupe. Laini. Niliona meno yangu.

"Omondi, hizi ni za wapi?"

"Za ramp. Mzee aliziona Nairobi, akapenda. Jumamosi ni ufunguzi, askofu anakuja, tenti zimeshaitishwa."

"Siziweki hapo."

"Mama Chebet, wewe ni fundi ama ni wizara ya afya?"

"Mimi ni mtu aliwahi kuanguka. Siziweki."

"Sawa basi. Endelea na vyoo vyako."

Nikaendelea na vyoo vyangu, nikidhani nimeshinda. Alhamisi nikashinda huko ndani nimepiga magoti, na nilipotoka saa kumi kuchukua maji, mteremko wote ulikuwa umeng'aa. Alikuwa ameita mafundi wawili kutoka mjini. Kazi yao ilikuwa nzuri, nawapa haki yao. Uzi ulikuwa umevutwa.

Nilirudi nyumbani. Chebet alikuwa na miaka minne sasa, na mdogo wake alikuwa mgongoni mwa jirani. Chebet akaniambia ameona pale dukani wameweka "barabara ya barafu," kama ile aliyoona kwenye televisheni, na ya kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuteleza. Alisema kwa furaha. Nililiangalia bega lake, nikatoa karai la Barasa nyuma ya mlango.

Ijumaa asubuhi Mzee Kiprono alikuja na mama yake kumwonyesha jengo. Mama yake ni Kogo wa watu wengi hapa, kama tunavyomwita bibi. Mwembamba, na fimbo, na viatu vya plastiki, na leso mbili. Omondi alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi vya ufunguzi, anavizoesha miguu. Nikapita katikati yao nimebeba karai limejaa tope na sabuni.

"Mama Chebet," Omondi akasema, "weka hiyo kitu chini."

"Naiweka. Ngoja kidogo."

Nikapanda mpaka mlangoni, nikamwaga. Tope likashuka polepole, jekundu juu ya weupe wote ule, mpaka chini. Vibarua wakaacha kazi. Mzee Kiprono hakupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Wewe ni nani, na umefanya nini?"

"Mimi ndio fundi wa vyoo, Mzee. Hiyo ndiyo Yamumbi ikinyesha. Kila mtu ataingia na hiyo kwenye viatu. Naomba usikanyage."

"Mzee, huyu mama anaogopa tiles," Omondi akasema. "Tiles ni tiles."

"Basi teremka, Omondi. Teremka na toroli. Mama akitoka hapa hatoki mikono mitupu."

Hangeweza kukataa, watu wote walikuwa wanaangalia. Vibarua wakaleta toroli moja mpya, wakaijaza mifuko miwili ya gundi ya vigae ili iwe na uzito wa unga na mtoto. Omondi akazunguka kwa mlango wa nyuma hadi juu, akarekebisha kola yake. Akapiga hatua ya kwanza, safi. Ya pili, safi, akageuka kunitabasamia. Ya tatu hakuipiga yeye. Viatu vilienda, toroli ikaenda, naye akabaki ameishikilia, akikimbia bila kupenda, magoti yakipanda hadi kifuani, akaupita mteremko wote na maegesho nusu, akaingia kwenye lundo la mchanga.

Halafu Omondi akasema kutoka mchangani, "Hiyo toroli ina shida ya magurudumu."

Vibarua walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka siku hiyo. Nimecheka baadaye.

Kogo naye hakucheka. Alikuwa anaangalia tope.

"Kiprono."

"Ee, mama."

"Ulisema kesho mimi ndio nitakata utepe."

"Ndiyo, mama."

"Nitapita wapi?"

Mzee akaangalia mteremko, akaangalia fimbo. "Tutakushika mkono, mama. Mimi upande huu, askofu upande ule."

"Na Jumatatu nikienda kununua chumvi, nani atanishika?"

Huyo ni mtu ambaye shamba lilikuwa lake. Mwanawe akanigeukia. Kisha akaniuliza mimi, si Omondi, "Unaweza kuweka nini hapo?"

"Simiti tupu, iliyovutwa na ufagio."

"Hiyo ni ya zizi la ng'ombe."

"Ndiyo, Mzee. Ng'ombe wako wanaanguka?"

Akavua koti, akampa mama yake ashike, akamwambia Omondi alete nyundo.

Vigae vilitoka kwa urahisi, gundi ilikuwa ya siku moja tu. Vilivyotoka vizima vilienda kwenye kuta za vyoo, na viko huko, nendeni mkavione, ukutani vinapendeza. Omondi aling'oa na sisi, viatu vyake vipya vikiwa vimewekwa kando juani. Saa tisa tukamwaga simiti mpya.

Na hapa kuna ujuzi, sikilizeni. Ukiipiga ufagio mapema, inazama na kuwa uji. Ukichelewa, inakwaruza tu juu. Unagusa na kidole. Kidole kikiacha alama bila kuzama na bila kutoka na maji, hapo ndipo. Tumia ufagio mgumu wa nje. Vuta kukatiza njia, kutoka upande huu hadi ule, mara moja, usirudi nyuma hata ukiona umekosea. Halafu funika na magunia yaliyoloweshwa, uyamwagie maji kila siku kwa wiki nzima. Usiruhusu mtu yeyote apite, hata awe na biblia.

Kwa hivyo ufunguzi ulifanyika kwa mlango wa nyuma, ule wa kuingizia mikate. Askofu alibariki hapo, katikati ya kreti za maziwa, na Kogo akakata utepe uliofungwa kati ya bomba la maji na mtungi wa gesi. Picha zipo. Mzee Kiprono hacheki kwenye hata moja.

Ile ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Magoti yalikuwa yameshasema, na daktari akayatafsiri. Jambo moja linanifurahisha: baada ya miaka kumi na nne ya kupiga magoti, hiyo ya mwisho niliimaliza nimesimama, na ufagio mkononi, kama baba kwenye zizi.

Siku hizi nauza chai na mandazi tena, kibanda changu kinatazamana na ule mteremko. Karai la Barasa limetundikwa hapa kwenye msumari. Anayelitaka kwa saiti yake aje alichukue, alirudishe limeoshwa. Omondi amelichukua mara mbili.

Mvua ya kwanza kubwa baada ya ufunguzi, nilikuwa hapa nimeketi. Watu walikuwa wanapanda na kushuka na tope lao, watoto, toroli, mama mmoja na mapacha, na hakuna hata mmoja aliyeangalia chini. Chebet alikimbia mpaka katikati, akajaribu kuteleza, ikakataa, akarudi kwangu amenuna. Kisha Kogo akatoka supamaketi na chumvi kwenye mfuko na fimbo mkono wa pili. Alishuka bila kushikwa na mtu. Katikati akasimama, akagonga simiti na fimbo mara mbili, akaniangalia kutoka ng'ambo ya barabara.

"Wewe fundi," akasema. "Hii ni sakafu ya ng'ombe."

"Ndiyo, Kogo."

"Mbaya sana kuangalia."

"Ndiyo, Kogo."

Akahamisha chumvi mkono wa fimbo, akainua fimbo isiguse simiti, akashuka mpaka chini.